Ngazi ya Sauti Sita

Do-re-mi tunayoiimba katika kwaya zetu hapa Lubarika ilizaliwa Kanisani. Yapata mwaka 1030, Guido wa Arezzo, mmonaki wa Italia, aliona waimbaji wakitaabika miaka kumi bila kuweza kuimba peke yao wimbo mpya. Walizoea kuifuata ala ndogo ya uzi mmoja, sauti baada ya sauti. Guido alifundisha kwamba njia hiyo yawafaa wanaoanza, bali yawadhuru wanaoendelea. Akautwaa utenzi wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao vifungu vyake sita vya kwanza huanza kila kimoja juu ya kilichotangulia, akapata ngazi ya sauti sita: ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye ut iliitwa do, na si ikaongezwa kuwa ya saba. Kwa ngazi hiyo, mwaka mmoja au miwili ilitosha.

Ng'ambo ya Ruzizi, mpiga inanga wa Burundi naye hukaza uzi wake kwa sikio. Basi, umeme ukikatika na kinanda kikanyamaza, sifa ya Mungu isinyamaze pamoja nacho. Tujifunze ngazi hiyo hata ikae mioyoni mwetu.