Wasomi wa Ng'ambo na Masomo ya Uzamili kando ya Barabara ya Thika

Ngoingwa ni mtaa wa makazi ulio kando ya barabara itokayo mji wa Thika kwenda Mang'u. Mtu atokaye hapo akielekea Nairobi huanza kwa kupita Thika mjini, ambako Chuo Kikuu cha Mount Kenya kilipata hati yake mwaka 2011. Baadaye hufika Juja, penye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Akiisha kuuvuka mji wa Ruiru huingia Kahawa, penye Chuo Kikuu cha Kenyatta, na kabla hajafika jijini hukipita chuo kikuu cha USIU upande wa Kasarani. Ni nadra kupata katika Afrika ya Mashariki mwendo mfupi namna hii wenye vyuo vikuu vingi kiasi hicho. Aghalabu historia ya vyuo hivyo huandikwa kwa kutaja hati, majengo na viongozi. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba njia hii iliwapoteza baadhi ya walimu wake waliokuwa hodari, na kwamba masomo ya uzamili na uzamivu yalipohitaji kukuzwa, msaada ulitafutwa kwa wasomi waliokuwa wakiishi ng'ambo.

Hapo zamani kwenda ng'ambo hakukuwa na maana ya kupotea. Katika shule ya Holy Ghost ya Mang'u, jirani na Ngoingwa, walisoma katika miaka ya 1940 Tom Mboya na Mwai Kibaki. Mboya ndiye aliyepanga safari ya ndege ya mwaka 1959 iliyowachukua Wakenya 81 kwenda vyuo vya Marekani. Kibaki naye alisoma Makerere, akaenda London, kisha akarudi Makerere kufundisha. Nchi haikuwa na chuo kikuu chake, basi aliyetaka shahada alisafiri, na aliyeipata alitarajiwa kurudi. Wangari Maathai aliondoka mwaka 1960, akarejea mwaka 1966, na mwaka 1971 akatunukiwa shahada ya uzamivu na Chuo Kikuu cha Nairobi, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika ya Mashariki na ya Kati. Ifahamike, hata hivyo, kwamba idara yake ya anatomia ya mifugo ilitegemea sana maprofesa wa Chuo Kikuu cha Giessen, Ujerumani. Masomo ya juu yalianza hapa mikononi mwa wageni, na matumaini yalikuwa kwamba wenyeji wangeyapokea baada ya muda mfupi.

Matumaini hayo yalipata pigo mwaka 1982. Kahawa wakati huo ilikuwa na Chuo cha Kenyatta, tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi lililokaa katika majengo yaliyokuwa kambi ya jeshi la Waingereza. Mwaka huo wahadhiri kadhaa wa chuo hicho walikamatwa. Alamin Mazrui, mwanaisimu aliyekuwa ametoa tamthilia ya Kilio cha Haki mwaka 1981, aliwekwa kizuizini bila ya kushtakiwa. Edward Oyugi wa saikolojia na Kamoji Wachiira wa jiografia waliwekwa kizuizini pia. Maina wa Kinyatti, mwanahistoria, alihukumiwa kifungo cha miaka 6. Huko Nairobi Micere Mugo, aliyekuwa mkuu wa kitivo, aliihama nchi mwaka huo huo, na Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa ng'ambo, hakurudi. Baada ya kufunguliwa, Alamin Mazrui na Maina wa Kinyatti walikwenda Marekani, na Wachiira akaenda Kanada.

Hasara ya namna hii haipimwi kwa kuhesabu vichwa. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza akiondokewa na mwalimu hupewa mwingine, na mhula huendelea. Mwanafunzi wa uzamili au uzamivu hana mhula. Ana mtu mmoja aliyemwelewa tangu swali lake likiwa bado changa, aijuaye sura aliyoitupa na sababu ya kuitupa. Mtu huyo akiondoka usiku, tasnifu nayo husimama. Tena aliyeondoka hakuacha pengo la miaka 2 au 3 tu, maana wanafunzi wake ndio ambao wangekuwa wasimamizi wa kizazi kilichofuata. Ndiyo maana idara zilizotikiswa na mwaka 1982 zilichukua muda mrefu kupata nguvu tena.

Mwaka 2003 Kibaki, akiwa Rais, aliiacha desturi ya Rais kuwa Chansela wa kila chuo kikuu cha serikali. Cheo hicho huko Juja alipewa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, aliyeiacha Makerere mwaka 1973 katika utawala wa Idi Amin na kuhamia Marekani, Michigan kwanza, kisha Binghamton. Uteuzi huo ulikuwa na ajabu yake. Chuo chenyewe kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1981 kwa msaada wa Wajapani, kikifundisha kilimo na uhandisi, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Sasa kiliongozwa, kwa heshima, na mtaalamu wa siasa aliyekuwa ameandika, pamoja na Alamin Mazrui, kitabu kizima juu ya Kiswahili, dola na jamii, kilichotoka mwaka 1995. Alikitumikia cheo hicho hadi mwaka 2009, akifariki dunia mwaka 2014 na kuzikwa Mombasa. Uteuzi wake ulitangaza kwamba msomi aliyeishi nje bado ni wa nyumbani, na hilo si jambo dogo katika nchi iliyokuwa imewafukuza wengi. Lakini Chansela hutunuku shahada, hasomi rasimu. Heshima ilikuwa imerudi, usimamizi bado.

Jaribio la kuuziba upungufu huo lilitoka kwa mtu aliyeifahamu njia hii vizuri. Paul Tiyambe Zeleza, mwanahistoria wa Kimalawi, alifundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta katika miaka ya 1980 kabla ya kwenda Kanada na Marekani. Uchunguzi wake kuhusu wasomi wazaliwa wa Afrika waishio katika nchi hizo mbili ndio uliozaa mpango wa ufadhili ulioanzishwa mwaka 2013 kwa fedha za shirika la Carnegie la New York. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa miongoni mwa nchi zilizohusika, na Chuo Kikuu cha Kenyatta miongoni mwa vyuo vilivyopokea wageni. Zeleza mwenyewe alirudi kuwa Makamu wa Chansela wa USIU kuanzia mwaka 2016 hadi 2021.

Utaratibu wake unastahili kuangaliwa. Ombi lilitoka kwa chuo cha nyumbani, si kwa mgeni. Mgeni alikaa kwa siku 14 hadi 90, akifanya kazi ya kutunga mitaala, ya utafiti wa pamoja, au ya kuwafundisha na kuwalea wanafunzi wa shahada za juu. Faida yake ni kwamba mwenyeji alilazimika kusema anahitaji nini, na mgeni hakuweza kuja kuhubiri tu. Udhaifu wake ni muda. Tasnifu ya uzamivu haiandikwi kwa siku 90, na mgeni akipanda ndege rasimu hubaki mezani kwa mhadhiri wa hapa, mwenye madarasa ya shahada ya kwanza yaliyojaa pomoni. Mzigo huo ulizidi mwaka 2014, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilipotaka wahadhiri wawe na shahada ya uzamivu. Walimu wengi wakawa wanafunzi kwa mara moja, nao wasimamizi walikuwa ni wale wale wachache. Vyuo vilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, tasnifu zilitetewa kwa njia ya intaneti, ikadhihirika kwamba mtahini aliye Ohio au Toronto aweza kuhudhuria bila ya nauli. Hata hivyo mtahini huja mwishoni, baada ya kazi ngumu kwisha.

Katika taaluma ya Kiswahili, hesabu ya nani amsaidie nani si kama ya uhandisi wa Juja. Tasnifu za idara ya Kiswahili ya Kahawa huandikwa kwa Kiswahili, na istilahi zake za isimu na fasihi zimekuzwa Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi. Msomi aliyekaa Marekani miaka 20 akifundisha salamu na ngeli kwa wanaoanza, akija Kahawa kusimamia tasnifu ya fonolojia, huenda akalazimika kujifunza upya msamiati wa wanafunzi wake. Na idara za Marekani zifundishazo Kiswahili hupata walimu wake wengi kutoka Afrika ya Mashariki, wengine wakiwa bado wanasoma shahada zao za juu. Anachoweza kuja nacho mgeni katika taaluma hii ni vitabu na majarida ambayo maktaba ya Kahawa haimudu kuyanunua, pamoja na nafasi ya kusoma maandishi ya mwanafunzi kwa utulivu, bila ya kengele ya darasa lingine.