Damu ya Ziwani, Damu ya Mlimani

Mwaka 1949 msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford ulifika Kenya ukielekea Mlima Kenya. Wenzake walipokuwa wakikusanya mimea na wadudu, mwanafunzi wa udaktari aliyeitwa Anthony Allison alikusanya damu za watu. Alizaliwa Afrika Kusini, lakini alikulia kwenye shamba la baba yake karibu na Gilgil, na nchi ile aliijua vizuri.

Kipimo chake kilikuwa rahisi. Tone la damu huwekwa kwenye kioo, huchanganywa na kemikali inayoondoa oksijeni, hufunikwa, kisha husubiriwa. Chini ya hadubini, chembe nyekundu za watu wengi hubaki duara. Za mtu aliyerithi jeni ya selimundu hujikunja polepole mpaka zikachongoka ncha mbili, ingawa mtu mwenyewe pengine ni mzima kabisa na hajui lolote.

Matokeo yalimshangaza. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na jeni hiyo. Nyanda za juu hawakufikia hata mmoja katika 100.

Mwaka huohuo watafiti wawili, James Neel huko Marekani na E. A. Beet katika nchi ambayo leo ni Zambia, walieleza kila mmoja kivyake jinsi selimundu inavyorithiwa. Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayohusika, kila moja nzima au yenye kasoro. Yai la mama hubeba moja tu, na mbegu ya baba hubeba moja. Wazazi wote wawili wakiwa wazima lakini kila mmoja ana nakala moja yenye kasoro, basi kwa kila mimba kuna uwezekano wa moja kwa nne kwamba mtoto atapata zote mbili mbovu. Mtoto huyo ndiye anayeugua: mifupa inamuuma, damu inapungua, vidole vinavimba. Zama hizo wengi wa watoto hao walifariki kabla ya kufikia umri wa kuzaa.

Hapo ndipo palipokuwa na kitendawili. Jeni inayoua watoto ilipaswa kupungua kizazi baada ya kizazi, maana wanaoirithi maradufu hawaachi uzao. Iweje basi istawi ziwani na pwani? Allison aliona kwamba ramani ya jeni ililingana na ramani ya mbu wa malaria. Akawaza kuwa mwenye nakala moja ana kinga fulani dhidi ya malaria.

Alirudi mwaka 1953. Huko Uganda alipima watoto 290 wa Kiganda. Kati ya 43 waliokuwa na jeni, 12 walikutwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasiokuwa nayo, 113. Kisha akafanya jaribio ambalo kila nikilisoma linanisumbua. Wanaume 30 wa Kiluo walikubali kuambukizwa malaria, tena ile kali inayoua. Nusu yao walikuwa na jeni, nusu hawakuwa nayo. Katika 15 wasiokuwa nayo, 14 walipata vimelea. Katika 15 waliokuwa nayo, wawili tu. Deni letu kwa wanaume hao ni kubwa, na vitabu vya biolojia vinavyomsifu Allison vingepaswa kuwakumbuka na wao.

Alichapisha matokeo mwaka 1954. Tangu Charles Darwin aueleze katika kitabu chake cha mwaka 1859, uteuzi wa asili, yaani kuenea kwa sifa zinazomsaidia kiumbe kuishi na kuzaa, ulikuwa umeonekana kwa viumbe wengine, lakini kwa binadamu huu ndio uliokuwa mfano wa kwanza ulio wazi: jeni ileile inamwokoa mtoto mmoja na malaria na kumuua ndugu yake. Malaria ikiwepo, jeni inadumu. Ikikosekana, kama milimani, inabaki hasara tupu. Miaka michache baadaye Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alionyesha kwamba tofauti yote hiyo inatokana na badiliko la kiungo kimoja tu katika mnyororo wa himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu.

Sayansi ilipata mfano wake mzuri kuliko yote kutoka kwenye damu ya watu wetu. Wagonjwa walisubiri zaidi. Mwaka 1986 utafiti wa Marekani ulithibitisha kwamba penisilini ya kila siku hupunguza sana maambukizi yanayowaua watoto wadogo wenye selimundu, mradi wagundulike mapema. Umoja wa Mataifa ulitambua selimundu kuwa tatizo la afya ya umma mwaka 2008. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa nayo, na tone la damu kutoka kwenye kisigino cha mtoto mchanga linatosha kuigundua. Lakini wengi bado hawapimwi mpaka waanze kuumwa.