Maandishi ya Kichina: zaidi ya miaka 3,000, na leo mkono unaanza kusahau

Huko Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, maandishi ya Kichina yanaonekana kwenye milango ya kampuni za migodi, kwenye magari makubwa na kwenye makartoni ya bidhaa. Watu wengi wanayaona kama michoro tu. Kumbe, kati ya maandishi yote ambayo watu wangali wanatumia kila siku duniani, hayo ndiyo ya zamani zaidi. Wafalme wa kale waliyachonga kwenye mifupa. Karne iliyopita, Wachina wenyewe walitaka kuyafuta. Leo yamo salama ndani ya telefone, lakini yanaanza kutoka kichwani mwa watu.

Alama, si herufi

Mtoto wa Kongo akishajua herufi na namna ya kuziunganisha, anaweza kusoma neno lolote la Kiswahili, hata lile ambalo hajapata kulisikia. Kwa Kichina mambo hayako hivyo. Kila alama inasomwa kwa mkato mmoja wa sauti, na kwa kawaida ina maana yake yenyewe.

Alama fulani zilianza kama picha. 木 ni mti. Ukiandika miti miwili, 林, unapata pori. Ukiandika mitatu, 森, unapata msitu mkubwa. Lakini alama za namna hiyo si nyingi. Zaidi ya 80 kwa 100 zimeundwa kwa sehemu mbili: moja inaonyesha maana, ingine inaonyesha sauti. Neno la Kichina la mama linasomwa “ma”, na alama yake ni 妈. Upande wa kushoto kuna mwanamke, 女. Upande wa kulia kuna farasi, 马, ambaye naye anasomwa “ma”. Farasi huyo hana uhusiano wowote na mama. Ameingia pale kwa kutoa sauti tu.

Shida ni kwamba sauti za lugha zimebadilika kwa karne nyingi, lakini alama zimebaki. Alama ya mto mkubwa, 江, inasomwa “jiang”, lakini sehemu yake ya sauti, 工, leo inasomwa “gong”. Njo sababu mwanafunzi hawezi kutegemea kukisia. Lazima ajifunze alama moja moja, na kurudilia.

Kutoka mifupani hadi kwenye karatasi

Mwaka wa 1899, mkubwa mmoja wa serikali huko Beijing, Wang Yirong, alitambua kwamba alama zilizochongwa kwenye mifupa iliyokuwa inauzwa kama dawa zilikuwa maandishi ya kale. Baadaye wachimbaji walipata maelfu ya mifupa hiyo karibu na Anyang, katika jimbo la Henan. Ilikuwa mifupa ya mabega ya ng’ombe na magamba ya kobe, ya wakati wa wafalme wa Shang, karibu miaka 1,200 mbele ya Yesu. Wafalme hao walikuwa wanauliza wahenga wao juu ya mvua, mavuno, vita na uzazi. Mfupa ulichomwa moto, ukapasuka, wakasoma jibu katika nyufa, kiisha wakachonga ulizo palepale.

Kwa muda mrefu kila eneo liliandika kwa namna yake. Mwaka wa 221 mbele ya Yesu, mfalme Qin Shi Huang aliunganisha inchi, na mshauri wake Li Si akaamuru namna moja ya kuandika. Wakati wa utawala wa Han uliofuata, waandishi wa ofisi walinyoosha mistari iliyopinda ili brashi iende mbio. Toka hapo kukazaliwa sura ambayo inatumiwa hadi leo. Karibu mwaka wa 100, mwanachuoni Xu Shen alikusanya alama 9,353 katika kamusi moja. Kamusi ya mfalme Kangxi, ya mwaka wa 1716, ilikuwa na zaidi ya 47,000, hata kama nyingi kati yake hazikutumiwa na mtu yeyote.

Sababu moja ya maandishi hayo kudumu ni kwamba hayategemei sana sauti. Mtu wa Beijing na mtu wa Guangzhou, kila mmoja akisema lugha ya kwao, hawaelewane. Lakini wanaweza kusoma gazeti moja. Ni kama tarakimu 5: Mswahili anaisoma “tano”, mtu wa Lingala anaisoma “mitano”, na wote wanaelewa hesabu ileile.

Karne ya kutaka kuyafuta

Mwanzoni mwa karne ya 20, Uchina ilikuwa imeshindwa vita na kunyanyaswa na inchi za kigeni, na raia wengi hawakujua kusoma. Wasomi fulani waliona alama ndizo kosa. Mwaka wa 1918 mwalimu Qian Xuantong aliomba waziwazi alama zifutwe. Mwandikaji maarufu Lu Xun naye alisema mambo makali juu yake.

Serikali iliyoingia mwaka wa 1949 haikuzifuta; ilizipunguzia mistari. Mpango wa kwanza ulitoka mwaka wa 1956. Farasi aliyekuwa na mistari 10, 馬, akabaki na 3, 马. Mwaka wa 1958 kukakubaliwa pinyin, yaani namna ya kuandika sauti za Kichina kwa herufi za Kilatini, ili isaidie watoto kujifunza. Mmoja wa walioitengeneza ni Zhou Youguang, mtaalamu wa uchumi, aliyefariki mwaka wa 2017 akiwa na miaka 111. Mpango mwingine wa kupunguza mistari ulitolewa mwaka wa 1977, lakini watu hawakuupenda, na mwaka wa 1986 serikali ikaurudisha nyuma.

Taiwan, Hong Kong na Macao walibaki na alama za zamani. Mabishano hayajaisha. Wanaotetea za zamani wanapenda kutoa mfano wa neno upendo: katika 愛 ya zamani kuna alama ya moyo katikati, katika 爱 ya leo moyo umeondolewa. Wengine wanajibu kwamba mtoto wa mkulima alihitaji kwanza kujua kusoma.

Ulizo hilo linaeleweka na Waswahili pia. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu muda mrefu mbele ya herufi za Kilatini kuchukua nafasi. Leo wanaoweza kusoma barua na mashairi ya zamani yaliyoandikwa hivyo ni wachache. Ukibadilisha maandishi, unafungua mlango kwa wengi, lakini unafunga mwingine nyuma yako.

Mashini na alama

Kila mashini mpya ilileta shida. Kwa telegrafu, kila alama ilipewa namba ya tarakimu nne, na mtumaji alitafuta kitabuni. Mashini ya kuchapa ya Kichina ilikuwa na sahani yenye alama zaidi ya 2,000, na mchapaji alichagua moja moja. Ordinatere zilipofika, wengi walifikiri sasa alama zimekwisha. Mwaka wa 1983 Wang Yongmin alitoa njia inayoitwa Wubi, inayounda alama kwa vipande vyake. Leo watu wengi wanaandika sauti kwa pinyin, telefone inaonyesha alama zenye sauti hiyo, nao wanachagua.

Hapo ndipo shida mpya ilianzia. Mtu anatambua alama akiiona, lakini akishika biki, mkono unagoma. Wachina wana msemo kwa jambo hilo: kuinua kalamu na kusahau alama. Mwaka wa 2013, televisheni ya taifa ilionyesha mashindano ya imla kwa wanafunzi. Watu wazima waliokuwa ukumbini waliombwa nao waandike neno linaloitaja aina moja ya chura. Wengi walishindwa.

Mtu asiye na jina kwenye mashini

Shida ingine inagusa maisha moja kwa moja. Wazazi wengine wanapenda kumpa mtoto alama adimu, na kuna koo zenye majina ambayo hayapatikani kwingine. Ikiwa alama haimo katika ordinatere ya serikali ao ya banki, mtu anasumbuka kupata kitambulisho, kufungua konti ao kununua tikiti ya ndege. Katika kijiji kimoja cha kabila la Walisu, jimbo la Yunnan, watu wenye jina la ukoo linalosomwa “Nia” waliandikishwa kwa jina “Ya”, yenye maana ya bata, kwa sababu mashini haikuwa na alama yao. Wahenga wao walikuwa na jina. Wao wakapewa lile ambalo mashini iliweza kuandika.

Tangu tarehe 1 Agosti 2023, kanuni mpya ya taifa inaomba mashini za huduma kwa raia zitambue alama nyingi zaidi. Kwa ujumla kanuni hiyo ina alama 87,887. Mtu wa kawaida hahitaji hata sehemu ndogo ya hizo. Mwanafunzi anayemaliza shule ya msingi anaombwa atambue alama 3,000 hivi, na aweze kuandika 2,500 kwa mkono.

Kutambua kunalindwa na telefone kila siku. Kuandika hakulindwi na kitu chochote, isipokuwa daftari, kalamu na mwalimu anayeomba mtoto arudilie alama ileile mara kumi.