Kiolesura cha menyu ya simu

Kiolesura ni sehemu ya programu ambayo mtumiaji huiona na kuigusa. Kwa anayejifunza kukisanifu akiwa Kahama au Geita, somo la kwanza limo ndani ya kiswaswadu, simu ya vitufe: menyu ya M-Pesa, iliyoletwa Tanzania na Vodacom mwaka 2008, ambayo hufunguka kwa *150*00#. Haina picha wala rangi. Ukurasa wake mmoja hauzidi herufi 182, nafasi zikihesabiwa, na mtumiaji akichelewa kujibu, menyu hukatika; neno la ziada ni hasara. Kila chaguo lina namba. Kabla ya hela kuondoka, mtumaji huombwa athibitishe, na hapo mchimbaji anayetuma matumizi nyumbani hugundua tarakimu aliyokosea. Wasanifu wa simu janja, wenye kioo kikubwa, hulisahau somo hilo mara nyingi.