Jinsi mitandao ya kijamii ya shirikisho ilivyoungana

Mitandao ya kijamii ya shirikisho ni ile ambayo seva zake zina wamiliki wengi, lakini hupashana ujumbe kwa kanuni moja, yaani itifaki. Mwenye akaunti kwenye seva moja humfuata na kumjibu aliye kwenye seva nyingine. Facebook na WhatsApp hazikujengwa hivyo: zote zinatawaliwa na kampuni moja, Meta.

Historia ya reli inayopita Likasi, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inaonyesha msingi wa muungano huo. Reli kutoka Rhodesia ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka 1931 njia ya Tenke hadi Dilolo ikaungana na reli ya Benguela iendayo bandari ya Lobito, nchini Angola. Kampuni zilikuwa tofauti, ila upana wa reli ulikuwa mmoja, milimita 1,067, hivyo mabehewa ya shaba yalivuka mpaka bila kupakuliwa. Reli ya CFL, upande wa Ziwa Tanganyika, ilikuwa ya mita moja. Ilibadilishwa kuwa ya upana huo mwaka 1955, na mwaka uliofuata kituo chake cha Kabalo kikaunganishwa na Kamina, kwenye reli ya Likasi.

Kwenye kompyuta, baruapepe ndiyo iliyotangulia: mwaka 1971 Ray Tomlinson alituma ujumbe kutoka mashine moja hadi nyingine. Mwaka 1999 Jeremie Miller alitangaza Jabber, mfumo wa kutumiana ujumbe ambao itifaki yake ikaitwa XMPP. Google Talk iliitumia tangu 2005, kisha mwaka 2013 Google ikaanza kuiacha. WhatsApp nayo, iliyoanza 2009, ilitumia mfumo uliotokana na XMPP, lakini ikazifungia nje seva za wengine. Itifaki huunganisha pale tu wenye seva wanapokubali kubaki wazi.

Mitandao ya kijamii ikafuata: Evan Prodromou alianzisha mtandao wa Identi.ca mwaka 2008. Mwaka 2016 Eugen Rochko, nchini Ujerumani, akatoa Mastodon, programu ya mtandao wa shirikisho, na Januari 2018 shirika la viwango la W3C likaidhinisha itifaki ya ActivityPub. Kwa itifaki hiyo, aliye Mastodon hufuata picha za Pixelfed, video za PeerTube na mijadala ya Lemmy. Elon Musk aliponunua Twitter mwezi Oktoba 2022, wengi walihamia Mastodon. Threads ya Meta ilianza kujiunga na ActivityPub mwaka 2024, kwa watumiaji wanaochagua hivyo.

Mtandao wa Bluesky, uliobuniwa ndani ya Twitter mwaka 2019 na kufunguliwa kwa wote Februari 2024, hutumia itifaki nyingine, AT Protocol. Anayehama seva ya Mastodon huenda na wafuasi wake, lakini machapisho ya zamani hubaki nyuma. Bluesky inaruhusu kuhama na vyote, ingawa watumiaji wengi bado wanategemea mitambo ya kampuni yenyewe. ActivityPub na AT Protocol hazielewani moja kwa moja. Daraja la Bridgy Fed huziunganisha kwa ridhaa ya mtumiaji.

Kwa Wakongo, tofauti ya shirikisho na mtandao wa kampuni moja ina uzito, ingawa ina mipaka. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti kwa takriban siku 20. Shirikisho haliwezi kuponya hilo, kwa kuwa intaneti ikikatwa hakuna seva inayofikika. Linachozuia ni mtandao mmoja kufungwa, au kubadili mmiliki, na mazungumzo ya watu wote yakaenda nao.