Kutoka Satelaiti hadi Mkongo: Nani Alilipia Ujifunzaji wa Mtandaoni Afrika Mashariki?

Mara nyingi pengo la kidijitali huchukuliwa kuwa ni uhaba wa vifaa tu. Historia ya African Virtual University, mradi ulioanzishwa na Benki ya Dunia mwaka 1997, inaonesha sura nyingine. Mihadhara ilirushwa kwa satelaiti kutoka ng'ambo hadi vyuo vya Afrika, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwanafunzi alimwona mhadhiri, ilhali mhadhiri hakumwona mwanafunzi. Swali lilipelekwa kwa simu, faksi au baruapepe. Ulikuwa ufundishaji wa upande mmoja, na ulistahili kukosolewa. Hata hivyo, ada mwanafunzi aliilipa, lakini mawimbi hakuyanunua mwenyewe.

Mkongo wa SEACOM ulipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, gharama ya intaneti ya kimataifa ilianza kushuka, na hatua kwa hatua somo likahamia kwenye simu ya mwanafunzi. Mzigo wa kulipia mawimbi ukahamia huko huko. Kenya ilipofunga shule na vyuo Machi 2020, somo la mtandaoni liliwafikia wenye umeme na bando. Kwa wanafunzi wengi wa shule waliobaki, serikali ilirudi kwenye redio.