Punda wa Singida kwenye mashindano ya picha za farasi wa sanamu: mwongozo



Kuna mchezo uko Marekani na Ulaya ambao hapa kwetu wengi hawajausikia. Watu wanakusanya sanamu ndogo za farasi, wanazipiga picha zionekane kama farasi wa kweli, halafu wanaziingiza picha hizo kwenye mashindano. Jaji haoni sanamu yenyewe, anaona picha tu. Kwa hiyo huhitaji viza wala kutuma kifurushi. Unahitaji sanamu, kamera hata ya simu, na muda kidogo kwenye kompyuta.

Ukiniuliza mimi, kijana wa Singida anaweza kushiriki vizuri tu, ila asianze na farasi. Aanze na punda. Naeleza kwa nini na kwa vipi. Ukitaka, print ukasome nyumbani.

MCHEZO ULIKOTOKA

Mwaka 1950 kampuni ya Breyer ya Chicago, iliyokuwa inatengeneza vitu vya plastiki, ilitengeneza farasi wa kupamba saa ya mezani. Watu wakamtaka farasi hata bila saa, na kampuni ikageukia huko. Baadaye wakusanyaji wakaanza kushindana kwa picha za posta. Nyuma ya picha unaandika jina la farasi, aina yake, jinsia, jina lako na daraja unaloingia. Intaneti ilipofika, bahasha ikawa barua pepe. Wanaoshindana ana kwa ana, sanamu zikiwa mezani, wapo pia. Tamasha lao kubwa ni BreyerFest, lililoanza 1990, na hufanyika Lexington, Kentucky.

MADARAJA

Kila shindano lina kanuni zake, lakini kwa kawaida utakuta haya:

1. Daraja la aina. Jaji anaangalia kama mwili, rangi na miguu vinalingana na aina uliyoitaja.
2. Daraja la kazi. Mnyama anaonekana kazini: amebeba mzigo, anavuta mkokoteni, anaruka kiunzi.
3. Mgawanyo wa utengenezaji. Waliotoka kiwandani hushindana wenyewe, waliobadilishwa au kutengenezwa kwa mkono nao wenyewe. Wa kwako wa udongo ataingia huku.

Mara nyingi lipo pia daraja la punda na nyumbu (nyumbu mtoto wa punda na farasi, siyo yule wa Serengeti). Hapo ndipo pa kwetu.

KWA NINI PUNDA

Farasi hawakuwahi kuwa wengi kwetu. Sababu moja kubwa ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi. Farasi wengi wanaoupata hufa, wakati punda huuhimili. Ukitengeneza farasi wa Kiarabu utashindana na mtu aliyekua naye zizini. Lakini punda tunaye. Msichana wa Ikungi au Mkalama aliyeteka maji na punda tangu darasa la pili anajua dumu linavyokaa mgongoni kuliko jaji yeyote wa Ulaya.

Tena ni mnyama wa huku. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2022 kwenye jarida la Science ulionyesha kwamba punda alianza kufugwa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, yapata miaka 7,000 iliyopita, kisha akasambaa duniani.

ALAMA ZA PUNDA

Jaji mzoefu atakukamata haraka kama umechonga farasi ukamwongezea masikio. Angalia haya:

- Mstari mweusi kutoka shingoni hadi mkiani, na mwingine unaokatiza mabegani, kama msalaba. Wengi wanao.
- Mdomo, tumbo na kuzunguka macho ni peupe.
- Nywele za shingo ni fupi na zimesimama. Hana nywele zinazoangukia usoni kama farasi.
- Mkia una kishungi mwishoni, kama wa ng'ombe.
- Kwato ni nyembamba na zimesimama zaidi kuliko za farasi.
- Vile vibaka vigumu vya ndani ya miguu viko miguu ya mbele tu. Farasi huwa navyo mbele na nyuma.

VIPIMO

Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 9. Chukua kitu halisi, gawanya kwa tisa. Punda wa sentimita 105 atakuwa kama 12. Mtu wa sentimita 170 atakuwa 19. Dumu la lita 20 pima la nyumbani kwenu. Likiwa na sentimita 40, lako litakuwa 4 na nusu.

Udongo wa mfinyanzi ni bure, ila hupungua ukikauka. Ukiupaka juu ya waya utapasuka. Kama unataka mifupa ya waya, funika kwa karatasi zilizolowekwa na kupondwa na gundi, kisha piga msasa na rangi.

KUPIGA PICHA

Weka sanamu juu ya stuli au jiwe, nje, ili nyuma yake yaonekane majabali yetu kwa mbali. Shusha kamera iwe sawa na tumbo la punda. Ukipiga kutoka juu, kila mtu atajua ni mdoli.

Chekecha mchanga, maana kokoto moja kwa kipimo hiki ni jiwe kubwa. Nyasi nazo: jani la sentimita 10 ni sawa na sentimita 90, limemfikia punda karibu na mgongo!

Usisogee karibu mno. Kichwa kitakuwa kikubwa na nyuma kutakuwa na ukungu. Rudi nyuma, egemeza simu kwenye kitu, halafu kata picha baadaye. Jua zuri ni saa moja hadi saa tatu asubuhi, kabla upepo wa Singida haujaanza kuangusha kila kitu. Kusahihisha mnyama kwa kompyuta mashindano mengi hukataza, kwa hiyo soma kanuni kwanza.

MZIGO NA MAELEZO

Kwenye daraja la kazi jaji anaangalia kama vifaa vinakaa sawasawa. Kamba ya katani ikigusa ngozi bila gunia au kitambaa chini, atakupunguzia pointi, na ana haki, maana kwa punda wa kweli hicho ndicho kidonda. Madumu mawili yalingane pande zote: kila moja likijaa lina kilo 20 za maji. Ukijifunza kumfunga mdogo vizuri, nenda ukamwangalie na mkubwa nyumbani.

Ambatanisha maelezo mafupi kwa Kiingereza rahisi, sentensi tatu au nne: huyu ni punda wa kijijini Tanzania, anabeba maji kutoka kisimani, kamba inapita hapa kwa sababu hii. Jaji ambaye hajawahi kuona dumu la maji mgongoni hawezi kukupa nafasi bila kuelewa.

TAHADHARI

Zawadi ni utepe au cheti, siyo pesa. Anayekuandikia kwamba umeshinda dola na utume ada kwanza, huyo ni tapeli. Anza na mashindano ya bure. Usitumie picha ya mtu mwingine. Na ile picha yako halisi itunze kwenye flash yako, usiiache kwenye kompyuta ya kafe.

NENO LA MWISHO

Mwaka 2022 serikali yetu ilisitisha uchinjaji wa punda kwa biashara ya ngozi, na Februari 2024 Umoja wa Afrika nao ukapiga marufuku biashara hiyo barani. Kwa miaka mingi habari za punda wetu nje zilikuwa ngozi tu. Picha ya punda aliyefungwa vizuri, amebeba maji, anakwenda nyumbani, ni habari nyingine, na anayeijua ni wewe.

Kwa wenye mafundi wa udongo kijijini kwao: punda huwa wanamchonga, au ng'ombe tu? Maoni yenu hapo chini.